Friji bovu, godoro na betri: kuviondoa nyumbani bila kuvunja sheria

Vijijini Bahi, Chamwino au Kongwa, mkoani Dodoma, gari la taka halipiti, na korongo la nyuma ya nyumba si dampo. Mvua zikianza, kilichotupwa humo huteremka hadi kwenye visima vya mchangani wanakochota maji walio chini ya korongo.

Anzia ofisi ya kijiji. Muulize mtendaji sheria ndogo za halmashauri zinasemaje, eneo la taka lililotengwa liko wapi na kama kuna ada. Omba barua inayotaja vitu vyenyewe. Wizi wa nyaya umefanya kila kipande cha shaba kitiliwe shaka, hivyo barua hiyo inakulinda. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye akuonyeshe kibali chake cha NEMC, chombo cha taifa cha mazingira.

Friji ndilo linaloharibiwa zaidi. Wengi hukimbilia kukata bomba za shaba kwa nyundo na patasi, gesi yote ikatoka. Soma kwanza kibandiko kilicho karibu na kompresa. Ikiandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto, kwa hiyo jiko la mkaa au cheche yoyote isiwe karibu. R134a haiwaki kirahisi, lakini ikiachiwa huongeza joto la dunia. Mtafute fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi. Mafuta ya kompresa yaingie kwenye dumu lenye kifuniko. Mlango ung'olewe siku hiyohiyo friji linapoachwa, maana mtoto akijificha ndani, ule mpira unaziba hewa.

Betri ya gari au ya sola usiimwage maji yake, ni asidi. Vaa glovu, ibebe imesimama ndani ya beseni la plastiki. Ikivuja, nyunyizia magadi mpaka povu likome. Kuyeyusha madini yake ya risasi nyumbani ni kuwalisha watoto sumu. TV ya chogo iende nzima, kwani kioo chake nacho kina risasi.

Godoro halina mnunuzi, ndiyo maana huchomwa. Sponji ikiungua hutoa gesi za sumu, sianidi ikiwemo, na kwa upepo wa kiangazi wa Dodoma moto huo haukai uani. Sponji ambayo bado ni nzima ikate vipande, fundi makochi atavitaka. Lenye kunguni lifunge kwa nailoni kabla ya kulitoa chumbani, la sivyo utawasambaza nyumba nzima. Kisha lipeleke eneo la taka. Mkiwa karibu na jiji, changishaneni kukodi kirikuu (pikapu ndogo) hadi dampo la Chidaya, ila ulizeni taratibu kwanza.

Kitanda na kabati, fungua bolti, mbao apewe seremala. Zenye rangi au vanishi usizipikie.

Siku ya kuuza chuma, nenda na dumu la lita 20 lililojaa maji. Maji hayo pekee ni kilo 20, hivyo mizani ikisoma chini ya hapo inapunja; usipime kitu hapo. Mkikubaliana, andikianeni hati ya mauziano, nakala mbili.