Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuinua Paneli kwa Kifaa cha Ombwe

Kifaa cha ombwe, yaani kinachoshika kwa nafasi iliyoondolewa hewa, hakina taya wala kulabu inayoubana mzigo. Pampu yake hutoa hewa iliyo kati ya kikombe cha mpira na uso wa paneli, kisha hewa ya nje, ambayo kwenye usawa wa bahari hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa nguvu ya takriban kilo moja, huvigandisha viwili hivyo pamoja. Mzigo wote, uwe wa kioo, bati, jiwe au zege, unategemea ukingo mwembamba wa mpira unaozuia hewa isirudi ndani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandalizi inahusu ukingo huo na uso uliogusana nao. Fundi aliyezoea minyororo na mikanda anaweza kukagua kila pini na kila shakeli, akaridhika, na bado asipaangalie kabisa mahali ambapo mzigo ungeachia.

Kabla ya yote, uzito wa paneli ujulikane kwa hesabu au kwa karatasi ya kiwandani, wala usikadiriwe kwa macho. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, hivyo kioo cha mita 2 kwa mita 3 chenye unene wa milimita 10 kina kilo 150, na dirisha la vioo viwili vya aina hiyo linafika kilo 300 kabla ya kuhesabu fremu. Zege la kawaida lina takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Paneli za bati zenye povu katikati ni nyepesi, lakini zile zilizojazwa sufi ya mawe, zikiachwa nje bila kufunikwa na mvua ikapenya kwenye kingo zilizokatwa, huwa nzito kuliko karatasi inavyosema. Kwa mwendeshaji wa kreni, uzito unaohesabiwa ni wa paneli pamoja na kifaa chenyewe na vyote vinavyokifunga kwenye kulabu, tena kwa umbali ambao mkono wa kreni utakuwa umefika wakati wa kushusha, ambao mara nyingi ni mkubwa kuliko wa wakati wa kunyanyua.

Baada ya uzito kujulikana, kisomwe kibao cha uwezo kilichobandikwa kwenye kifaa, na kisomwe chote. Tuchukue kikombe cha duara chenye kipenyo cha sentimita 30. Eneo lake ni karibu sentimita za mraba 707, na tofauti ya shinikizo ikiwa kilopaskali 60, nguvu ya kukishikilia ni takriban kilo 430. Kiwango cha Ulaya cha EN 13155 kinataka nguvu hiyo iwe angalau mara mbili ya mzigo unaoruhusiwa, kwa hiyo kikombe hicho kinachukua kilo 215 tu paneli ikiwa imelala chini ya vikombe. Paneli ikisimama wima, hesabu inabadilika, kwa kuwa sasa kinachoizuia isiteleze ni msuguano wa mpira. Ukichukua kwamba msuguano kwenye uso mkavu na safi unahimili nusu ya nguvu ya kukandamiza, zinabaki kama kilo 107, na uso ukilowa zinapungua zaidi. Hii ndiyo sababu vibao vingi huonyesha uwezo wa aina mbili, wa kulaza na wa kusimamisha. Anayesoma ule mkubwa peke yake, kisha akaigeuza paneli hewani ili isimame ukutani, amezidisha mzigo bila kuongeza hata kilo moja. Hali kadhalika, vali ya kikombe kimoja ikifungwa kwa sababu paneli ni nyembamba, uwezo wa kifaa kizima unashuka kwa kiasi cha kikombe hicho, na hesabu ifanywe upya.

Mwinuko wa eneo nao uhesabiwe. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari shinikizo la hewa limeshuka kutoka kilopaskali 101 hadi takriban 85, na kwenye mita 2,500 ni karibu 75. Hakuna pampu inayoweza kuongeza hewa ambayo haipo nje, na sindano ya geji, yaani saa ya kupimia ombwe, isipofika eneo la kijani huko milimani huenda mashine ni nzima kabisa, ila uwezo wake ni mdogo. Jedwali la kupunguza mzigo kwa mwinuko huwa kwenye kitabu cha mtengenezaji.

Sasa uso wa paneli, ambao ndio unaostahili muda mwingi kuliko yote. Geji hupima ombwe lililo chini ya kikombe, nayo haijui kikombe kimeshika kitu gani. Mfano mzuri ni utando wa plastiki unaobandikwa kiwandani kulinda rangi ya bati. Kikombe kikiwekwa juu ya utando huo, ombwe linafika kiwango kamili, taa ya kijani inawaka, na kila kitu kinaonekana sawa, ilhali kilichoshikwa ni plastiki iliyobandikwa kwa gundi hafifu. Ukiinama ukatazama pembeni mwa kikombe wakati paneli imeinuliwa kidogo tu, utaona utando unaanza kuvimba kama lengelenge kuuzunguka mpira, na lengelenge hilo linakua huku sindano ikiwa imetulia mahali pake. Kwa hiyo utando uondolewe kwenye kila sehemu itakayokaa kikombe, na uondolewe kwa nafasi inayozidi ukingo wa mpira pande zote, isipokuwa pale ambapo mtengenezaji wa paneli na wa kifaa wote wameruhusu kwa maandishi.

Ukishaondoa utando, swali hilohilo linaendelea ndani zaidi. Katika paneli ya bati mbili zenye povu, kikombe kinashika bati la juu ambalo unene wake mara nyingi haufiki milimita moja, na uzito wote uliobaki unaning'inia kwenye gundi iliyounganisha bati hilo na povu. Paneli iliyokaa juani muda mrefu, iliyoloa, au iliyogongwa pembeni, inaweza kuwa imeachana ndani pasipo dalili ya wazi nje. Kuigonga kwa vidole na kusikiliza kama kuna sehemu inayolia utupu kuliko jirani yake ni kazi ya dakika moja. Kioo cha tabaka mbili chenye nafasi ya hewa katikati kina hali inayofanana, kwani vikombe hushika kioo cha mbele na kile cha nyuma kinabebwa na gundi ya kingo. Slabu za jiwe zichunguzwe nyufa, hasa zile zenye mishipa ya rangi, maana ufa uliopita chini ya kikombe huingiza hewa na pia ni mahali ambapo jiwe litapasukia.

Zege, matofali, jasi na mbao hupitisha hewa kupitia vitundu vyake, na kwa hizo pampu ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya vioo haifai hata kidogo. Zinahitaji pampu yenye uwezo wa kuvuta hewa nyingi mfululizo, pamoja na vikombe vyenye ukingo wa sponji. Hapo ieleweke kwamba pampu ikizimika, muda wa kuushusha mzigo salama unahesabiwa kwa sekunde. Kwa nyuso nyingine zote, vumbi lipanguswe, mafuta yaondolewe, maji yakaushwe, na barafu isivumiliwe. Bati lenye mifinyo lipewe vikombe vinavyokaa kati ya mfinyo na mfinyo bila kuupanda.

Kila aina mpya ya paneli ijaribiwe kabla ya kuruhusiwa kwenda juu. Paneli ishikwe, iinuliwe sentimita chache kutoka kwenye mbao ilizolazwa, na iachwe hapo kwa dakika kadhaa huku mtu akitazama sindano, kingo za vikombe, na jinsi paneli inavyojipinda. Paneli ndefu na nyembamba huinama ncha zake, na kujipinda huko huubandua ukingo wa mpira taratibu. Dawa yake ni kuvitawanya vikombe mbali zaidi kwenye fremu, vikiwa sawia pande zote mbili za kitovu cha uzito, wala si kuongeza ombwe.

Kifaa chenyewe kipimwe uvujaji kila siku kabla ya kazi. Kiwekwe kwenye uso safi usiopitisha hewa, kioo kizito kwa mfano, pampu iendeshwe hadi ombwe likamilike, kisha izimwe. Wapo watengenezaji wanaokubali kushuka kwa kilopaskali 17 katika dakika 10 na si zaidi. Kiwango cha kifaa chako kiko kwenye kitabu chake, na hicho ndicho cha kufuata. Kukiwa na uvujaji, vali za vikombe zifungwe moja baada ya nyingine hadi mwenye kosa ajulikane. Mafundi waliozoea kutafuta pancha hupenda kupaka maji ya sabuni kwenye maungio, lakini hapa hewa inaingia ndani badala ya kutoka, kwa hiyo hakuna povu litakalotokea, na maji hayo huvutwa hadi kwenye filta na pampu.

Mpira wa vikombe ukaguliwe kwa vidole pamoja na macho. Ukingo ukunjwe kidogo mahali baada ya mahali ili kufichua mipasuko midogo isiyoonekana mpira ukiwa umelala, na ulinganishwe ulaini wake, kwa sababu jua na umri huufanya mgumu na wa kung'aa hadi ushindwe kujaza mikwaruzo midogo ya uso. Usafi wake ni maji yenye sabuni laini na kitambaa safi. Petroli, mafuta ya taa, dizeli na tina huuharibu mpira, na dawa za kung'arishia zenye silikoni huacha utelezi, jambo ambalo kwa paneli iliyosimama wima ni hatari moja kwa moja. Kikombe chenye kasoro kwenye ukingo kibadilishwe. Kukiziba kwa gundi ya matairi si matengenezo.

Betri ijazwe usiku na ipimwe asubuhi, mipira ya kupitishia hewa ifuatwe kwa mkono kutafuta mikunjo na michubuko, na filta ifunguliwe kuangaliwa vumbi na maji. King'ora cha ombwe dogo kijaribiwe kwa makusudi, kifaa kikiwa hakina mzigo, kwa kubandua ukingo wa kikombe kimoja kidogo hadi kilie. Vifaa vya eneo la ujenzi chini ya EN 13155 vinatakiwa viwe na hifadhi mbili za ombwe zenye vali za kuzuia hewa kurudi, kila moja ikiwa na vikombe vyake, au viwe na kishikio cha pili cha kimakanika. Penye saketi mbili, yaani hifadhi mbili kila moja na vikombe vyake, kila saketi ipimwe peke yake, kwani saketi moja nzima inaweza kuficha ugonjwa wa nyingine kwa wiki nyingi. Kazi kuu ya akiba hiyo ni kuwapa watu muda wa kuushusha mzigo hitilafu inapotokea. King'ora kikilia mzigo ukiwa juu, watu wanaondoka, mzigo unashushwa mahali salama palipo karibu zaidi, na hakuna anayesogea kuukamata.

Upepo uamuliwe mapema, kwa kipimo na kwa kikomo kilichoandikwa, kwa sababu paneli iliyoning'inia ni tanga. Paneli ya mita za mraba 10 inayoupokea upepo usoni kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 20. Kwa mita 10 ni karibu 75. Kwa mita 15 inakaribia 170. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne, na upepo wa vishindo huizungusha paneli na kuubandua mpira upande mmoja. Kipimo kichukuliwe kwenye kimo cha kufungia, si chini nyuma ya ukuta, na kikomo cha mtengenezaji wa kreni na cha mtengenezaji wa kifaa vilinganishwe, kile kidogo kikashika. Kamba za kuongozea zifungwe kabla paneli haijaondoka chini, na wanaozishika wasimame pembeni mwa njia ya mzigo.

Njia hiyo izungushiwe utepe na iachwe tupu, ghorofa za chini zikiwemo. Mkanda au mnyororo wa akiba ufungwe paneli inapotoka kwenye lundo, na uondolewe tu pale inapokuwa imefika mahali pake na kuegemezwa. Mtu mmoja ndiye atoe ishara, na wote wakubaliane ni nani pekee mwenye ruhusa ya kugusa kitufe cha kuachia, ambacho hakiguswi hadi idadi ya skrubu au bolti iliyotajwa kwenye mchoro iwe imekazwa. Paneli isiachwe ikining'inia wakati wa mapumziko, hata kama sindano imetulia.

Matokeo ya vipimo hivi yaandikwe kila siku, kwa tarakimu. Uvujaji uliokuwa kilopaskali 4 ukawa 7, kisha 11, bado uko ndani ya kiwango, lakini unaeleza kwamba kuna mpira au vali inayokwisha na ni vyema vipuri viagizwe. Juu ya hayo kuna ukaguzi wa vipindi unaofanywa na mtu mwenye ujuzi. Uingereza, kwa mfano, kanuni za mwaka 1998 kuhusu shughuli za kuinua mizigo zinataka vifaa vya aina hii vichunguzwe angalau kila miezi 6, isipokuwa kuna mpango wa ukaguzi ulioandaliwa na mtaalamu. Kifaa kilichoanguka, kilichogongwa au kilichofunguliwa kwa matengenezo kitiwe lebo ya kutotumika na kitengwe hadi kipimwe upya uvujaji na mzigo. Kinapohifadhiwa, vikombe vifunikwe dhidi ya jua na vumbi, na kifaa kisimame kwenye miguu yake ili kingo za mpira zisilale chini ya uzito.