Utafiti wa presha mtaani: namna ya kuufanya ukatoa majibu ya kweli

Wanafunzi wengi wa afya ya jamii wakifika mwaka wa utafiti wanakimbilia wodini, wanachukua mafaili ya wagonjwa, wanahesabu, wanaandika, basi. Sina ugomvi na mafaili ila kama unachotaka ni kinga, yaani kujua watu wanaugua kwa nini na kipi kingewazuia wasiugue, wodini umeshachelewa. Mtu mwenye presha asiyejijua hayupo kwenye faili, yuko nyumbani kwake anafua. Ndo maana nakushauri uende mtaani, na nitatumia mfano wa presha ya kupanda kwa sababu ni ya kawaida sana, utafiti wa STEPS (uchunguzi wa kitaifa wa mambo yanayochangia magonjwa yasiyoambukiza) uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wanayo, na vifaa vyake havihitaji maabara.

Kwanza swali. Usiandike "kuangalia hali ya presha Temeke", hilo si swali hilo ni jina la wilaya. Lipunguze mpaka liwe dogo kiasi cha kujibika, mfano: kwenye mtaa huu, je watu wa nyumba za kupanga wenye kula chakula cha nje siku nyingi wana presha kuliko wanaopika nyumbani? Hapo unajua umpime nani, umuulize nini, na ukimaliza utajua umejibu au hujajibu.

Halafu usiishie kwenye tabia ya mtu tu, hili naomba ulishike. Dodoso nyingi zinauliza unavuta sigara, unakunywa pombe, unafanya mazoezi, kisha mwisho wa ripoti mwananchi anaambiwa abadilike. Wakati kule London kuna utafiti unaitwa Whitehall ulioanza 1967, walifuatilia wanaume zaidi ya 17,000 watumishi wa serikali, wote wana kazi, wote wana huduma ya matibabu ya bure, lakini wale wa ngazi ya chini kabisa walikuwa wanakufa kwa kiwango cha mara tatu hivi ya wale wa ngazi ya juu, na sigara, presha na lehemu (kolesteroli) vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Maana yake kazi yako, mamlaka uliyonayo kwenye kazi yako na mazingira unayoishi vinaingia mwilini. Kwa hiyo kwenye dodoso lako weka maswali ya zamu za usiku, idadi ya watu wanaolala chumba kimoja, maji yanatoka wapi, zahanati iko mbali kiasi gani na mara ya mwisho alipoenda dawa zilikuwepo au aliambiwa akanunue. Kipato usiulize moja kwa moja, wengi hawatakuambia na wengine hawajui kwa sababu leo kapata kesho hajapata. Uliza anapikia nini (mkaa, gesi, kuni), nyumba ni yake au kapanga, kuna friji au hakuna, majibu hayo ukiyajumlisha unapata picha nzuri tu.

Na wewe mwenyewe zunguka mtaa na daftari. Fungu la mchicha bei gani, chipsi bei gani, kuna vibanda vingapi vya chipsi kati ya kituo cha daladala na makazi ya watu, zahanati ina mashine ya presha inayofanya kazi? Hizo nazo ni data, wengi wanazisahau kwa sababu hazitoki mdomoni kwa mshiriki.

Idadi ya watu wa kupima sasa. Ukichukulia robo ya watu wana presha, na unataka jibu lisipishane na ukweli kwa zaidi ya asilimia 5 huku ukiwa na uhakika wa asilimia 95, hesabu ni 1.96 × 1.96 × 0.25 × 0.75 ÷ (0.05 × 0.05), inatoka 288 na kidogo, sema 289. Ila hiyo ni kama umewachagua watu mmojammoja kwa bahati nasibu kutoka wilaya nzima, kitu ambacho hutakifanya, wewe utachagua mitaa kadhaa kisha kaya ndani ya mitaa, na watu wa mtaa mmoja wanafanana, kwa hiyo ongeza, wengi huzidisha kwa 1.5 au 2. Kwa 1.5 unapata 434, weka na asilimia 10 ya watakaokataa (yaani gawa kwa 0.9) unafika kama 482. Kama hela haitoshi punguza ukubwa wa eneo au badilisha swali, usipunguze tu watu ukakaa kimya. Hesabu hii pia ni ya kukadiria kiwango tu, kama swali lako ni la kulinganisha makundi mawili kama lile la juu hesabu yake ni nyingine, kaa na mtu wa takwimu mapema kabla hujaingia mtaani.

Vibali vinachukua muda kuliko unavyofikiria, anza mapema sana. Kibali cha maadili unapata kwenye kamati ya chuo chako au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa Tanzania bara, Zanzibar wana ZAHRI (taasisi yao ya utafiti wa afya), na kwa wenzetu wa Kenya mbali na kamati ya maadili unahitaji leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi na teknolojia. Baada ya hapo barua zinashuka kwa mkuu wa wilaya, mganga mkuu wa wilaya au manispaa, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mpaka mjumbe. Mjumbe mheshimu sana maana ndo atakayekufungulia milango, lakini akishakutambulisha kwa mwenye nyumba mwombe kwa upole akuache, mama wa watu hawezi kukuambia kuhusu pombe ya mumewe huku mjumbe kakaa pembeni. Fomu ya ridhaa isomeke kwa Kiswahili cha kawaida, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi kisha aweke dole gumba.

Sasa tuje kwenye kupima, hapa nitakaa kidogo kwa sababu data nyingi zinaharibikia hapa na hakuna takwimu ya baadaye inayoweza kuziponya. Mshiriki asiwe amekunywa kahawa, kuvuta wala kubeba ndoo ndani ya nusu saa iliyopita. Muulize kama anataka kwenda msalani kwanza, kibofu kikijaa presha inapanda. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika 5 kimya, miguu chini isipandane, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Kama hakuna meza tumia ndoo iliyofunikwa na kitenge kilichokunjwa, ila mkono usining'inie. Mkanda wa mashine ya presha unavaliwa kwenye ngozi siyo juu ya dera, na usilikunje shati la mikono mirefu likabana juu. Pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi kabla ya kuchagua mkanda, ile mikanda ya kawaida mingi ni ya sentimita 22 hadi 32, ukimfunga nayo mtu mwenye mkono wa sentimita 37 mashine itasoma juu kuliko ukweli na utaandika mtaa mzima una presha kumbe watu ni wanene tu. Pima mara tatu ukipumzika kati, ile ya kwanza weka pembeni, chukua wastani wa pili na tatu. Wakati mashine inapima hakuna kuongea, hata wewe.

Chumvi ndo mtihani mwingine. Ukiuliza "unaongeza chumvi mezani?" wengi watasema hapana na hawadanganyi, chumvi ilishaingia kwenye sufuria ya maharage. Uliza pakiti wanayonunua ni ya gramu ngapi, inaisha baada ya siku ngapi, na wanakula wangapi. Pakiti ya gramu 500, watu 5, siku 20, hiyo ni gramu 5 kwa kila mtu kwa siku, pale pale kwenye mpaka wa WHO (Shirika la Afya Duniani) ambao unataka mtu mzima asifike hizo 5. Ikiisha siku 10 wako kwenye gramu 10. Siyo kipimo kamili, kuna ya kusuguia samaki, kuna viungo vya pakiti ambavyo navyo vina chumvi, kuna chakula cha nje, kwa hiyo ulizia na hivyo, lakini ni bora mara mia kuliko "kidogo, wastani, nyingi".

Muda wa kwenda nao unaamua majibu. Ukienda Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi utakuta akina mama, wazee na wasio na ajira, wanaume wa bodaboda na viwandani hutawaona, halafu utaandika wanaume hawana shida. Rudi jioni na Jumapili, kaya iliyochaguliwa ukiikosa usihamie ya jirani kwa sababu tu mlango uko wazi, rudi tena. Na ndani ya kaya mpimwaji achaguliwe kwa bahati nasibu, siyo yule aliyejitokeza, maana mara nyingi anayejitokeza ni yule anayejihisi mgonjwa.

Utakutana na mtu ana presha ya 180/110 au zaidi na hajui, jiandae kabla hujatoka chuoni. Rudia kipimo, muulize kama kifua kinabana, anaona ukungu, kichwa kinauma sana au upande mmoja umekufa ganzi, akiwa na dalili yoyote ni hospitali saa hiyo hiyo, asipokuwa nayo bado mpe barua ya rufaa ya kwenda kituo cha afya haraka bila kumtisha. Hata wa 140/90 umweleze kwamba kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mgonjwa, akapime tena.

Kwenye uchambuzi kuna mtego mmoja mkubwa. Unaweza kukuta wanaokula chumvi kidogo ndo wenye presha zaidi, ukachanganyikiwa, kumbe hao walishaambiwa na daktari wakapunguza. Utafiti wa kupima mara moja hauwezi kukuambia kipi kilitangulia, kwa hiyo waliokuwa wanajijua wachambue peke yao na wasiojijua peke yao, na kwenye kuandika sema "inahusiana na", usiseme "inasababisha".

Majibu yarudi mtaani kabla hata hujatetea tasnifu yako. Karatasi moja tu, Kiswahili, herufi kubwa, haina jina la mtu, inabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa na unaomba dakika 15 kwenye mkutano wa wananchi uielezee. Nakala nyingine mpelekee mganga mfawidhi wa zahanati mkononi, ukae naye, umwonyeshe ni watu wangapi mmewakuta na presha bila wao kujua na wangapi wanajua ila wamekosa dawa, kwa sababu yeye ndo anaagiza vidonge na kwa namba hizo ana cha kuombea vingi zaidi.