Jinsi ya kutengeneza modeli ya injini ya mvuke ya Garratt, daraja la 59, kwa kipimo cha 1:45

Injini za daraja la 59 ziliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zikapewa namba 5901 hadi 5934, na kila moja ikaitwa kwa jina la mlima wa ukanda huu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo mizito kutoka bandari ya Mombasa hadi Nairobi, njia ya takriban kilomita 530 inayopanda zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hakuna injini ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu. Mbili zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, yenye jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na namba 5930, Mount Shengena, yenye jina la kilele cha milima ya Upare. Anayetaka kuunda modeli yake ana bahati ambayo waundaji wengi wa modeli duniani hawana, kwa kuwa anaweza kusimama mbele ya injini yenyewe akaipima.

Modeli ninayoieleza hapa haina mota. Inasukumwa kwa mkono juu ya reli, magurudumu yake yanazunguka, fito zinazoyaunganisha zinacheza, na viungo vyake vinapinda kwenye kona kama vilivyopinda vya injini halisi. Hili la kupinda nalisisitiza tangu mwanzo, kwa maana Garratt isiyopinda ni sanamu tu, hata ikipakwa rangi nzuri namna gani.

Hatua ya kwanza: elewa muundo kabla ya kukata chochote

Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt aliomba hataza ya muundo huu mwaka 1907, na injini za kwanza za aina hiyo zikapelekwa Tasmania mwaka 1909. Wazo lake lilikuwa kugawa injini katika sehemu tatu. Mbele kuna kitengo chenye magurudumu, silinda mbili na tangi la maji. Nyuma kuna kitengo kingine kama hicho, ambacho juu yake hukaa mafuta na maji mengine. Na katikati kuna fremu iliyobeba boila, yaani chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, na kibanda cha dereva, ambayo haina gurudumu hata moja chini yake, bali imeegemea vitengo viwili kwa viungo vinavyozunguka. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu ya kuizuia, boila iliweza kuwa nene na tanuri lake kuwa pana na lenye kina, na uzito wa injini nzima, takriban tani 250, ukasambazwa juu ya ekseli nyingi. Mpangilio wa magurudumu huandikwa 4-8-2+2-8-4: kila kitengo kina magurudumu manne madogo ya kuongoza upande wa nje, manane makubwa ya kuvuta, na mawili madogo upande wa ndani.

Kutokana na muundo huo, tangi la mbele hugeuka pamoja na magurudumu yake, ilhali boila hubaki na mwelekeo wake. Wengi huchukulia injini nzima kuwa mwili mmoja mrefu, wakaliunganisha tangi na boila kwa gundi, na kazi yote ikaharibika hapo.

Hatua ya pili: chagua mwaka

Injini ya mwaka 1956 na ya mwaka 1970 hazifanani kwa kila kitu. Katika utumishi wake, injini hizi ziliwekewa mfumo wa kutolea moshi uliobuniwa na Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen, ambao bomba lake la moshi ni refu na jembamba kama mpasuo badala ya kuwa duara. Ukichanganya bomba la kipindi kimoja na maandishi ya kipindi kingine, utakuwa umeunda injini ambayo haikuwahi kuwepo. Amua mwaka, tafuta picha za mwaka huo, na uzifuate hizo.

Hatua ya tatu: vipimo

Nimechagua kipimo cha 1:45 kwa sababu mbili. Kwanza, reli ya mita moja inakuwa na upana wa milimita 22.2, na reli za modeli zenye upana wa milimita 22.5 zinapatikana kwa wanaoagiza kutoka Ulaya. Pili, boila ya injini hii ilikuwa na kipenyo cha futi 7 na inchi 6, yaani takriban mita 2.29, na ukigawanya kwa 45 unapata milimita 50.8. Bomba la PVC la milimita 50 kutoka duka lolote la vifaa vya maji, likizungushiwa karatasi ngumu ya manila, linafikia kipimo hicho bila shida.

Vipimo vingine vya msingi ni hivi. Urefu wote ulikuwa mita 31.74, kwa hiyo modeli itakuwa na sentimita 70.5. Gurudumu la kuvuta lilikuwa na kipenyo cha mita 1.372, nalo linakuwa milimita 30.5. Pistoni ilisafiri inchi 28 ndani ya silinda, yaani milimita 711 katika injini halisi na milimita 15.8 katika modeli. Kwa hiyo pini inayoshika fito kwenye gurudumu itakaa nusu ya umbali huo, milimita 7.9, kutoka katikati ya ekseli.

Vipimo vilivyobaki vichukue mwenyewe makumbushoni. Omba ruhusa kwa wahudumu, kisha piga picha ukiwa umesimama sambamba na ubavu wa injini, na katika kila picha uegemeze kipande cha mbao chenye urefu wa mita moja kilichopakwa rangi nyeupe na nyeusi kila sentimita kumi. Ukishachapisha picha, mbao hiyo itakupa kipimo cha kitu chochote kilicho karibu nayo. Tumia vipimo hivyo kuchora injini kwa ukubwa kamili wa modeli, ubavu na juu, kwenye karatasi moja ndefu.

Hatua ya nne: jaribu kona kwa karatasi

Kabla ya kugusa msumeno, kata vipande vitatu vya manila vyenye umbo la injini inavyoonekana kutoka juu: kitengo cha mbele, fremu ya kati na kitengo cha nyuma. Viunganishe kwa pini mahali pa viungo, kisha uviweke juu ya ubao uliochorwa kona yenye nusu kipenyo cha mita moja. Sogeza vitengo viwili hadi magurudumu yake yafuate mstari wa kona, kisha tazama pembe za tangi zinavyoikaribia boila. Hapo ndipo utakapojua nafasi unayopaswa kuacha. Ikiwa pembe zinagusana, ongeza nafasi kwa milimita moja moja, au tumia kona pana zaidi, lakini usisogeze viungo, kwa kuwa mahali pa kiungo ndipo panapoipa injini hii sura yake inapopinda.

Hatua ya tano: fremu za vitengo na magurudumu

Kila kitengo kinahitaji fremu ya bamba mbili za shaba au alumini zenye unene wa milimita 2. Zifunge bamba zote nne pamoja na fito nne za kuunganisha magurudumu, kisha utoboe matundu ya ekseli nne za kuvuta yapite katika vipande vyote kwa mara moja. Ukitoboa kimoja kimoja, hitilafu ndogo ya umbali itatosha kuyakwamisha magurudumu. Baada ya kuvitenganisha, panua matundu ya fremu kidogo ili ekseli za milimita 3 zizunguke bila kubana.

Magurudumu yanaweza kukatwa kwenye MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili. Chagua ambao kipande kinachobaki ndani yake kina kipenyo kinachokaribia milimita 31, kisha ukipunguze kwa msasa hadi 30.5. Tundu la katikati huwa kubwa mno, kwa hiyo lizibe kwa kijiti cha mbao ngumu na ulitoboe upya. Nyuma ya kila gurudumu bandika duara la plastiki lenye unene wa milimita 1 na kipenyo cha milimita 33 ili liwe ukingo wa kuzuia gurudumu lisiteleze kutoka relini. Ekseli ya pili na ya tatu za kila kitengo ziache bila ukingo huo, la sivyo kitengo kitakwama kwenye kona. Kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja acha milimita 20, na fremu yote isizidi upana wa milimita 18.

Sasa linakuja jambo linalohitaji subira. Katika injini yenye silinda mbili, pini za upande wa kulia hutofautiana na za upande wa kushoto kwa robo ya mzunguko, ili upande mmoja ukifika mwisho wa mwendo wake, mwingine uwe katikati na uendelee kusukuma. Modeli yako lazima iwe hivyo, na ekseli zote nne lazima zitofautiane kwa kiasi kilekile. Bandika gurudumu la kushoto kwanza, weka ekseli kwenye kibao chenye pembe mraba, kisha ubandike la kulia likiongozwa na kibao hicho hicho. Funga fito na uzungushe polepole. Pakikwama, tafuta ekseli yenye kasoro kabla ya kupanua tundu lolote.

Hatua ya sita: viungo

Fremu ya kati itengeneze kwa plaiwudi ya milimita 4 iliyoimarishwa kwa bamba la alumini pande zote mbili. Katika kila mwisho wake weka bolti ya milimita 3 inayoshuka hadi kwenye kitengo, ukitumia nati yenye plastiki ndani ambayo haifunguki yenyewe. Kiungo cha nyuma kiwekee washa pana na bapa, ili kigeuke kulia na kushoto tu. Cha mbele kiwekee washa ndogo iliyolainishwa ukingo, ili kitengo kiweze pia kuinama kidogo upande mmoja reli isipokuwa sawa. Kwa njia hii mwili wote unatulia, na magurudumu yote yanagusa reli.

Hatua ya saba: mwili na rangi

Boila, tangi na kibanda ni kazi rahisi ukilinganisha na zilizotangulia. Tangi lijenge kwa plastiki bapa juu ya kiunzi cha plaiwudi, na pembe zake za juu uziviringe kwa tupa na msasa. Mabomba madogo yaige kwa waya wa shaba, ukifuata picha zako na si kumbukumbu. Weka vipande vya madini ya risasi ndani ya matangi yote mawili, kwa kuwa modeli nyepesi hurukaruka.

Jaribu mwendo wote kwenye kona kabla ya kupaka rangi. Kisha fungua vitengo, paka praima, na baada ya kukauka puliza rangi ya damu ya mzee kwa tabaka nyembamba tatu au nne, huku sehemu za chini zikiwa nyeusi. Rangi ichague mchana, nje ya nyumba, ukilinganisha na picha za rangi za miaka uliyoichagua, kwa sababu rangi ya injini iliyohifadhiwa inaweza kuwa imerudiwa. Namba na jina la mlima viweke mwisho, na uhakikishe vinapatana: 5901 ni Mount Kenya, 5918 ni Mount Gelai, 5930 ni Mount Shengena.

Ukipenda kuiundia treni, behewa la kwanza nyuma ya injini liwe la kulala wafanyakazi. Safari kati ya Mombasa na Nairobi ilikuwa ndefu mno kwa kundi moja la watu, hivyo makundi mawili yalisafiri pamoja, moja likiendesha huku lingine likipumzika katika behewa hilo.