Kuipokea Ndege ya Misheni Baada ya Mafuriko: Kiwanja, Mizigo na Watu

Mafuriko yakishakata barabara na kubomoa madaraja, mara nyingi ndege ndogo ya misheni ndiyo hutangulia kufikisha dawa na kuwatoa wagonjwa. Shirika la Kikristo la usafiri wa ndege, MAF (Mission Aviation Fellowship), lililoanzishwa mwaka 1945, lilifanya kazi hiyo nchini Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na nchini Msumbiji baada ya Kimbunga Idai cha Machi 2019. Rubani ana ujuzi wake, lakini akiwa angani hawezi kujua ugumu wa udongo, na hapo ndipo kazi ya mwenyeji inapoanzia.

Anza na kiwanja. Jipangeni kwa upana wa njia ya kurukia, kisha tembeeni mwanzo hadi mwisho mkiokota mawe, vijiti na vipande vya mabati, kwa kuwa kipande kidogo tu chaweza kupasua gurudumu au kuharibu pangaboi. Maji yakipungua, uso wa ardhi hudanganya: juu umekauka hadi kupasukapasuka, ilhali chini bado ni tope tupu. Kandamiza kisigino kwa uzito wako wote kila baada ya hatua chache, na kama kuna gari lililosalimika, lipakie mizigo ulipitishe polepole njia nzima. Magurudumu yakizama, sema hivyo bila kuipamba habari, hata kama watu wana njaa na wanakusihi uite ndege leo hii, kwani ndege moja ikinasa katikati ya kiwanja, hakuna nyingine itakayotua.

Pima kwa utepe urefu uliobaki; usitegemee kumbukumbu ya jinsi kiwanja kilivyokuwa. Sehemu iliyoliwa na maji itiwe alama kwa vitambaa vyeupe vilivyopigiliwa ardhini, na kitambaa cha kuonyesha upepo kisimamishwe mahali pa wazi. Kisha umjulishe rubani, kwa redio au simu ya setilaiti, urefu huo, hali ya udongo, upepo na mawingu yaliyofunika vilima. Ikiwa kuna mgonjwa wa machela, mwambie mapema ili viti viondolewe kabla hajaruka.

Katika kuagiza mizigo, fikiri kwa kilo. Ndege kama Cessna Caravan hubeba takribani tani moja, na mzigo huo hupungua kadiri mafuta ya safari yanavyoongezeka. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo safari nzima ya maji ya chupa ni lita elfu moja zitakazokwisha siku ileile, ilhali vidonge vya kutakasa maji, vichujio na ndoo za uzito huohuo vitawafaa watu wengi kwa majuma kadhaa. Kila furushi lipimwe kwa mizani na kilo zake ziandikwe juu yake. Abiria naye apimwe pamoja na mkoba wake. Klorini ya unga, mitungi ya gesi na betri za lithiamu zisifichwe ndani ya maboksi mengine: mwonyeshe rubani, aamue yeye.

Orodha ya watakaosafiri na watakaogawiwa ikamilike kabla mlio wa ndege haujasikika, ikifuata uhitaji na si ushirika wa kanisa. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, za mwaka 1994, zinataka msaada utolewe bila kujali imani ya mpokeaji, nami naona hakuna mahali zinapopaswa kushikwa kwa uaminifu zaidi kuliko penye ndege ya misheni.

Weka walinzi pande zote mbili, wazuie watoto na mifugo. Pangaboi likizunguka kwa kasi halionekani. Mtu yeyote asisogee mpaka limesimama kabisa na rubani ametoa ishara. Ndege ikishaondoka, fukieni alama za magurudumu, shindilieni udongo, kisha tumeni taarifa mpya ya kiwanja kabla ya safari inayofuata.