Kutuma video na picha za AMCOS kwenye hifadhi ya wingu, hata bondeni ambako mtandao unakatika

Kuna vijana nimewasaidia hivi karibuni, wanatengeneza aplikesheni ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya parachichi wilayani Rungwe. Karani anapiga picha ya mzani na stakabadhi ya kila mkulima, kisha anarekodi video ya kreti zikipakiwa kwenye lori. Mkulima akibishia uzito, ushahidi upo. Walipokuwa wanaijaribu Mbeya mjini kila kitu kilienda sawa. Ilipofika Mwakaleli, video ikawa inakaribia kumalizika, mtandao unakata, inaanza tena toka sifuri. Bando la karani linaisha na video haijafika.

Naandika hatua tulizopitia kwa sababu AMCOS nyingi za huku kwetu zinahitaji kitu hiki hiki, iwe ni kahawa ya Mbozi, chai ya Mufindi au viazi vya Makete. Natumia Google Cloud Storage na simu za Android. Ukitumia Amazon S3 mpangilio ni uleule kwa sehemu kubwa, ila kule kipande kidogo kabisa cha faili kinachoruhusiwa ni MB 5, isipokuwa cha mwisho. Kwa bonde linalotegemea mnara mmoja, MB 5 ni kubwa mno. Kwa Google unaweza kushuka hadi KB 256, na hiyo peke yake inanitosha kuichagua.

Hatua ya 1: Baketi

Fungua mradi, tengeneza baketi (chombo cha kuhifadhia mafaili huko Google), chagua eneo la `africa-south1`. Hilo ni Johannesburg, lilifunguliwa mwaka 2024, na kwetu ni karibu kuliko Ulaya. Washa kizuizi cha kuonekana hadharani. Basi.

Hatua ya 2: Ufunguo ubaki kwenye seva

Usiweke ufunguo wa akaunti ya huduma, yaani akaunti ambayo programu yako inaitumia kuingia kwenye baketi, ndani ya aplikesheni. Faili la APK, ambalo ndilo aplikesheni yenyewe, hufunguka kama faili lolote la zip, na mwenye nia mbaya atautoa ufunguo humo bila jasho. Kuuficha kwa kuukatakata au kuugeuza herufi hakusaidii, kwa sababu aplikesheni yenyewe lazima ijue kuuunganisha tena.

Weka seva ndogo katikati. Karani anaingia kwa akaunti yake, simu inaiomba seva ruhusa, seva inarudisha kiungo kilichosainiwa, yaani anwani yenye ruhusa ya muda, cha faili moja tu. Kiungo hicho kinaweza kuishi hadi siku 7, lakini mimi naweka dakika 15. Akaunti ya huduma inayosaini ipewe jukumu la `Storage Object Creator` na si zaidi. Jukumu hilo linaruhusu kuweka faili jipya, haliruhusu kufuta wala kuandika juu ya lililopo. Kwa ushahidi wa uzito wa mkulima, hiyo ndiyo tabia unayoitaka.

Hatua ya 3: Jina la faili

Usitumie jina la mkulima wala la kijiji. Majina yetu yana ng' nyingi, na ile ritifaa (alama ya ') inavuruga saini ya kiungo. Google inataka igeuzwe kuwa `%27`, lakini `encodeURIComponent` ya JavaScript inaiacha ilivyo. Utapata kosa la 403 (umekataliwa ruhusa) kwa wakulima wachache tu huku wengine wote wakipita, na utatafuta tatizo kila mahali isipokuwa kwenye jina. Tengeneza UUID (namba ndefu ya kubahatisha isiyojirudia) kwenye simu, jina la mkulima likae kwenye hifadhidata yako. Pia si vizuri jina la mtu kuzagaa kwenye viungo.

Hatua ya 4: Punguza picha

Upande mrefu uwe pikseli 1600, ubora asilimia 80. Tarakimu za mzani bado zinasomeka. Picha za ukubwa huo zitume kwa ombi moja la PUT, yaani ombi la HTTP la kuweka faili. Hatua inayofuata ni kwa ajili ya video.

Hatua ya 5: Kutuma kwa vipande na kuendelea ulipoishia

Hapa ndipo muda wetu mwingi ulipoishia, kwa hiyo soma taratibu.

Wazo ni kwamba unafungua kikao kwanza. Seva yako inasaini kiungo cha POST (ombi la HTTP la kuanzisha kitu), na kwenye saini hiyo lazima iwemo heda (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi au jibu) ya `x-goog-resumable: start`. Simu inapeleka POST hiyo ikiwa na heda ileile, na jibu linakuja na heda ya `Location`. Anwani iliyomo humo ndiyo kikao chako. Kinadumu wiki moja, na hakihitaji saini nyingine. Ndiyo maana zile dakika 15 zinatosha: zinahusu kufungua kikao, hazihusu kumaliza kutuma. Lakini pia ina maana kwamba yeyote mwenye anwani hiyo anaweza kutuma, kwa hiyo usiichapishe kwenye kumbukumbu za makosa.

POST hiyo ipigwe na simu, isipigwe na seva. Kikao kinafungwa kwenye eneo kilikoanzishiwa. Seva yako ikiwa Ulaya na ikaanzisha kikao, video ya Mwakaleli itapitia Ulaya hata kama baketi iko Johannesburg.

Anwani ya kikao ikifika, iandike kwenye SQLite (hifadhidata ya ndani ya simu) kabla hujatuma baiti hata moja. Simu ikizima kati ya hapo, bila anwani hiyo huna pa kuendelea.

Sasa vipande. Kila kipande kiwe na ukubwa unaogawanyika kwa baiti 262,144, yaani KB 256, isipokuwa cha mwisho. Google yenyewe inashauri MB 8 au zaidi, na kwa mtandao wa mjini wako sahihi, maana kila kipande kina safari yake ya kwenda na kurudi. Kwa huku natumia baiti 1,048,576, yaani MB 1. Tuseme video ina baiti 38,400,000. Kipande cha kwanza kinakwenda na heda hii:

`Content-Range: bytes 0-1048575/38400000`

Jibu linakuja na namba 308. Kwenye matumizi ya kawaida ya intaneti namba hiyo husema anwani imehama, na baadhi ya maktaba za HTTP zitajaribu kuifuata au zitarusha kosa. Hapa maana yake ni "nimepokea, endelea". Zima ufuataji wa anwani mpya kwenye maktaba yako. Kwa OkHttp, maktaba ya HTTP ya Android, ni `followRedirects(false)`. Kisha soma 308 kama jibu halali.

Ndani ya jibu hilo kuna heda ya `Range`, mfano `bytes=0-1048575`. Hesabu inaanzia sifuri, kwa hiyo kipande kinachofuata kinaanza 1048576. Ukianzia 1048575 utakuwa umerudia baiti moja.

Jambo la msingi kuliko yote: usiamini ulichotuma, amini kilichopokelewa. Unaweza kutuma kipande kizima na `Range` ikaonyesha kwamba ni sehemu tu iliyohifadhiwa. Anzia pale jibu linaposema, hata kama ni nyuma ya pale simu ilipofika. Ule mstari wa maendeleo unaoonekana kwa karani nao uufuate `Range`. Mfumo wa simu hupokea baiti kwenye akiba yake na kuiambia aplikesheni "zimekwenda" kabla hazijatoka hewani, na ndiyo maana mstari ule wa mwanzo ulikuwa unafika karibu na mwisho wakati huko Johannesburg hakuna kitu.

Mtandao ukikata, ukirudi usitume chochote kwanza. Uliza. Peleka PUT tupu kwenye anwani ya kikao ukiwa na:

`Content-Range: bytes */38400000`

Majibu yanayowezekana ni haya, na kila moja linahitaji tawi lake kwenye msimbo.

Ikija 308 yenye `Range`, endelea kuanzia hapo. Ikija 308 isiyo na `Range` kabisa, maana yake hakuna baiti iliyohifadhiwa, anza sifuri kwenye kikao kilekile. Msimbo wa vijana wale ulikuwa unaanguka hapa, kwa sababu ulisoma heda ambayo haipo.

Ikija 200 au 201, faili limeshakamilika. Hii hutokea pale kipande cha mwisho kimefika lakini jibu lake limepotea njiani. Ni hatari kwa sababu simu inadhani imeshindwa. Ikifungua kikao kipya kwa jina lilelile, inaweza kutuma video nzima upya kisha ikataliwa kwa 403, kwa kuwa akaunti yetu ya Hatua ya 2 haina ruhusa ya kuandika juu ya faili lililopo. Bando limeliwa bure.

Ikija 404 au 410, kikao kimekufa. Omba kiungo kipya kwa seva. Ikija 429 au inayoanzia 500, subiri, kisha ongeza muda wa kusubiri maradufu kila mara. Ikija 403, simama na umwoneshe karani ujumbe, kwa sababu kurudia hakutaibadilisha.

Hatua ya 6: Foleni

Tumia WorkManager, maktaba ya Android ya kuendesha kazi nyuma ya pazia; sharti la mtandao liwe `CONNECTED`. Wengi wanashauri `UNMETERED`, yaani isubiri Wi-Fi, ila kituo cha kukusanyia parachichi hakina Wi-Fi na video zitarundikana mpaka msimu uishe. Mpe karani kitufe cha kuahirisha video aamue mwenyewe kuhusu bando lake. Kazi ya WorkManager husimamishwa ikipita dakika 10. Ukiwa umefanya Hatua ya 5 vizuri, itaendelea ilipoishia. Video isikae kwenye folda ya kashe, Android huisafisha nafasi ikipungua.

Hatua ya 7: Jaribu njiani

Kuwasha na kuzima hali ya ndege mezani hakutoshi. Mtandao wa kweli huwa haukatiki wote. Unabaki na alama za minara na hakuna kinachopita. Panda Kosta ya Uyole kwenda Tukuyu, anza kutuma ukiwa Uyole, na uangalie kumbukumbu unavyopanda Isongole na kushuka Kiwira.

Faili likikamilika, linganisha thamani ya `md5` (alama ya kuthibitisha kuwa faili halijabadilika) iliyoko kwenye heda ya `x-goog-hash` na ile uliyoikokotoa kwenye simu. Zikilingana, futa nakala ya simu. Zisipolingana, iache na uitie alama.

Kabla ya kuwapa makarani, kaa na viongozi wa AMCOS kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Stakabadhi ina jina na namba ya simu ya mkulima, na baketi iko nje ya nchi; sheria hiyo ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya Tanzania. Pateni ridhaa ya mkulima kwa maandishi wakati wa kumsajili, na ombeni mwongozo wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla msimu haujaanza.