Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kamati ya Maadili ya Utafiti Hospitalini

Uwe unajaribu dawa mpya au unawauliza wagonjwa maswali kumi wakisubiri zamu yao kliniki, usianze kabla hujashika barua ya kibali ya kamati ya maadili. Barua hiyo haifanyi kazi kinyumenyume: data uliyoikusanya kabla ya tarehe yake haihalalishwi nayo. Na wale wanaosema "mimi nasoma majalada ya zamani tu" nao wapeleke maombi. Kamati inaweza kukuruhusu usitafute ridhaa ya kila mgonjwa, ila ruhusa hiyo ni yake kutoa, usijipe mwenyewe.

Kabla ya kuandika, jua wasomaji wako. Mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya tiba, ule wa ICH (baraza la kimataifa la kuoanisha kanuni za dawa), unataka kamati iwe na wajumbe wasiopungua watano. Angalau mmoja awe mtu ambaye fani yake si sayansi, na angalau mmoja awe hana uhusiano na taasisi inayofanya utafiti. Huyo asiye mwanasayansi usimchukulie kama pambo la kikao. Daktari bingwa atakuuliza umepataje idadi ya washiriki. Asiye mwanasayansi atakuuliza mgonjwa mwenye homa kali atawezaje kusoma kurasa tisa.

Sasa andaa andiko la utafiti: swali lako, sababu ya kuliuliza, utakavyowapata washiriki, utakachowafanyia, hatari zilizopo na utakavyozipunguza, na mahali data zitakapotunzwa. Ambatisha dodoso, bajeti, ratiba, wasifu wa watafiti na fomu ya ridhaa. Kila waraka uwe na namba ya toleo na tarehe. Linaonekana jambo dogo, lakini andiko likisema washiriki 120 na fomu ikisema 150, mjumbe ataanza kushuku na mengine yote.

Fomu ya ridhaa ndiyo ya kuitolea jasho. Wengi huiandika usiku wa mwisho kwa kunakili ya mwenzao, na ndiyo maana inarudishwa. Mshiriki aambiwe mapema kabisa kwamba huu ni utafiti, kwamba kushiriki ni hiari yake, kwamba anaweza kujitoa wakati wowote, na kwamba akikataa matibabu yake hayatapungua. Aambiwe pia hatari, faida kama ipo, njia nyingine za tiba, nani atagharamia akidhurika, na namba ya kupiga kuuliza au kulalamika. Weka ya mtafiti na ya kamati, maana wa kulalamikiwa anaweza kuwa wewe.

Lugha nayo ishushe. Badala ya "mililita 5 za damu ya vena", andika "damu ya kujaa kijiko kimoja cha chai, kutoka mshipa wa mkono". Badala ya "utapangiwa kundi kwa nasibu", andika "kundi lako litaamuliwa kwa bahati, kama kurusha sarafu, wewe wala daktari hamtachagua". Ukiitafsiri fomu, mtu mwingine ambaye hajaona ya awali airudishe kwenye lugha ya kwanza, kisha ulinganishe. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti. Kwa mtoto, mzazi hutoa ridhaa, lakini mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye aulizwe.

Nani atakayeomba ridhaa? Ukiweza, asiwe daktari anayemtibu mgonjwa huyo. Ni vigumu kumwambia hapana mtu anayeshika dawa zako. Kurudisha nauli ni haki. Kiasi kikiwa kikubwa hata mtu asijali hatari, hicho ni chambo.

Ukiona maswali haya ni usumbufu, kumbuka Tuskegee, Marekani. Kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, wakanyimwa penisilini hata ilipokwisha kuwa tiba ya kawaida. Kashfa hiyo ndiyo iliyozaa Ripoti ya Belmont ya 1979, yenye misingi mitatu ya maadili ya utafiti: heshima kwa mtu, kumtendea mema, na haki katika kugawana mzigo na faida.

Peleka maombi kwa sekretarieti ya kamati. Wao hukagua kama nyaraka zimetimia, kisha hupanga aina ya mapitio. Utafiti wenye hatari ndogo sana unaweza kusomwa na wajumbe wachache bila kikao. Majaribio ya dawa huenda kikao kizima. Kikao huhitaji akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe waliohudhuria. Mjumbe mwenye maslahi katika utafiti wako hutangaza na kukaa kando. Ukiitwa, jibu maswali kisha utoke, kwa kuwa mjadala na kura si vyako.

Majibu huja kwa namna nne: kukubaliwa, kukubaliwa kwa masharti, kutakiwa kuandika upya, au kukataliwa. La pili na la tatu ni ya kawaida, usifadhaike. Jibu hoja moja moja kwa mpangilio wao, onyesha ukurasa uliobadilisha, na usipokubaliana na hoja toa sababu badala ya kuiruka kimyakimya.

Ukishapata kibali, tazama tarehe ya kuisha, ambayo mara nyingi ni mwaka mmoja, na uombe kuhuishiwa mapema. Ukitaka kuongeza hata swali moja kwenye dodoso, omba kwanza. Unaruhusiwa kutangulia pale tu mshiriki anapokabiliwa na hatari ya papo hapo, kisha uitaarifu kamati mara moja. Kifo au dhara kubwa liripotiwe ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, hata kama unaamini halitokani na dawa yako. Mwisho wa kazi peleka taarifa ya kufunga utafiti, na fomu za ridhaa zilizosainiwa zikae kabatini chini ya kufuli, mbali na majibu ya dodoso.