SOMO: Kupiga hesabu ya umbali wa ndege, mfano Nairobi hadi New York

Wakuu, swali la kilomita za angani halikauki humu. Naweka somo, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Tafuta latitudo na longitudo za viwanja. JKIA (Nairobi): 1°19′ Kusini, 36°55′ Mashariki. JFK (New York): 40°38′ Kaskazini, 73°47′ Magharibi.

2. Gawa dakika (zenye alama ′) kwa 60  upate sehemu ya digrii. 55′ ni 0.92, si 0.55. Latitudo ya Kusini iwe hasi: −1.32.

3. Tofauti ya longitudo (L). Hapa ndipo wengi wanapoteleza. JKIA iko mashariki ya Greenwich, JFK magharibi, kwa hiyo UNAJUMLISHA: 36.92 + 73.78 = 110.70. Ukitoa utaishia na kilomita kama 5,970, na kwa njia ya ndege hii umbali huo unakuacha Morocco, Atlantiki nzima bado iko mbele yako. Viwanja vikiwa upande mmoja ndipo unatoa. Jumla ikizidi 180 usihangaike, cos ya 200 na ya 160 ni ileile. Na kalkuleta ioneshe D (digrii) juu ya kioo. Ikiwa R (radiani) itakupa jibu bila kulalamika, na jibu litakuwa takataka.

4. cos d = (sin a × sin b) + (cos a × cos b × cos L), a na b zikiwa latitudo, d ikiwa umbali kwa digrii. Inatoka −0.283.

5. Bonyeza SHIFT cos: digrii 106.45. Zidisha kwa 111.2, ndizo kilomita za digrii moja. Kilomita kama 11,840.

Swali: Mkuu, Dar mpaka New York je?
Jibu: 6.87 Kusini, 39.20 Mashariki. Hatua ziko juu.

Swali: Mbona napata 5,970?
Jibu: Hatua ya 3. Isome safari hii.

Swali: Mtandao mmoja unaonesha kilomita kumi na kitu zaidi ya zako. Unatupotosha.
Jibu: Sijampotosha mtu. Nimeichukua Dunia kama tufe kamili, nusu kipenyo 6,371. Kwenye ikweta ni 6,378, kwenye ncha 6,357. Ukitaka hizo kumi, tumia programu.

Swali: Sekondari tulipima kwa kufuata mstari wa latitudo. Kwa nini hapa hapana?
Jibu: Swali zuri hili. Ile ni kwa miji yenye latitudo moja, na hata hapo si njia fupi, isipokuwa kwenye ikweta. Njia fupi ni duara kuu, yaani lile linaloikata Dunia nusu kwa nusu, ndiyo maana ndege inatoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi, juu ya Sahara.

Swali: Kwenda saa 15, kurudi 14. Umbali unabadilika?
Jibu: Umbali ni uleule. Pepo za juu huvuma toka magharibi, kurudi zinakusukuma.

Swali: Asiye na kalkuleta?
Jibu: Vuta uzi juu ya tufe la ramani. Likiwa na kipenyo cha sm 30, kila sentimita ni kama kilomita 425. Uzi wa Nairobi hadi New York utakuja karibu sm 28. Ukaze, usilegee.